Picha ya Babu na Mbwa Wake: Habari za Wachoraji wa Kuagizwa, Lubumbashi na Bruxelles



Halmashauri ya chama chetu imeniagiza niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya kitabu cha mkutano wa mwaka huu. Nadhani walitarajia kwamba mtu aliyezeeka katikati ya mafaili ataandika habari za nasaba, nani alimzaa nani na nani alimwoa nani. Kazi hiyo imekwisha kufanywa vema na wengine katika vitabu vilivyotangulia, nami sina la kuongeza isipokuwa kusahihisha tarehe mbili tatu. Kwa hiyo nimechagua kuandika juu ya kitu kimoja tu, ambacho wengi wenu mmekisikia na wachache mmekiona kwa macho: picha ya Babu iliyochorwa Lubumbashi mwaka 1974.

Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba siku ya pili ya mkutano tutaketi kuamua picha hiyo iende wapi, na si vema watu waamue juu ya jambo wasilolijua chanzo chake. Ya pili yanihusu mimi mwenyewe, nayo nitaieleza mahali pake.

Kabla sijaanza, neno moja kwa wakwe zetu wa Kigoma. Kwetu Lubumbashi babu na bibi wote huitwa kambo. Najua mnacheka, maana kwenu baba wa kambo ni mtu mwingine kabisa. Ili tusichanganyikiwe, humu nitaandika Babu na Bibi.

Wachoraji waliotutangulia

Wengi hapa Ulaya hudhani kwamba Wakongo walifundishwa kuchora picha na shule za wazungu. Hapana budi kuanza kwa kulisahihisha hilo. Kuta za nyumba zetu zilichorwa kabla ya shule. Mwaka 1926 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, alipokuwa Bukama katika Katanga, aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro. Mchoraji wake alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji, akamwomba ayahamishie karatasini yale aliyokuwa akiyachora ukutani. Mkewe, Antoinette Lubaki, naye alichora. Huko Kasai, Thiry alimpata fundi cherehani aliyeitwa Djilatendo, akamwagiza vivyo hivyo.

Michoro hiyo ilipelekwa hapa Bruxelles kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa Wizara ya Makoloni, ambaye alihangaika mpaka ikaonyeshwa katika Palais des Beaux-Arts mwaka 1929. Mimi niliyekula mshahara wa serikali mbili naona fahari kidogo kwamba watu wa ofisi walifanya jambo jema. Lakini naona na upungufu wake. Aliyeagiza alikuwa mbali, aliyenunua alikuwa mbali zaidi, na mchoraji alibaki Bukama akingojea karatasi. Uhusiano ule ulipokatika katika miaka ya 1930, habari za Lubaki na Djilatendo nazo zikakatika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu waliiita Le Hangar. Humo walitoka mabwana Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, huyu wa mwisho akichora kwa ncha za vidole badala ya burashi. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa katika mji huohuo. Picha za mafundi hao, ndege na samaki na wanyama wa porini, zilipendwa sana na wazungu na zilipamba nyumba zao. Baba yangu, aliyekuwa karani katika ofisi za reli, alizijua kwa kuzichungulia madirishani. Hakuwahi kufikiri kununua hata moja, kwa kuwa hazikuchorwa kwa ajili ya watu wa namna yake.

Picha za saluni zetu

Wachoraji waliochora kwa ajili ya watu wa namna ya Baba walitokea baadaye, nao hawakutoka chuoni. Baada ya uhuru, na hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, miji ya Katanga ilijaa vijana waliojifunza kuchora kwa kumtazama mwingine. Mji ulikuwa na fedha kidogo wakati huo. Migodi, iliyotwaliwa na serikali kutoka kwa Union Minière mwaka 1967 na kuitwa baadaye Gécamines, ililipa mishahara, reli ililipa, serikali nayo ililipa. Mtu mwenye mshahara alikuwa na nyumba, nyumba ilikuwa na saluni, na saluni ilikuwa na ukuta mtupu. Ukuta huo ndio uliowalisha wachoraji.

Walichora juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Mfuko ulifumuliwa, ukafuliwa, ukawambwa juu ya fremu ya mbao, kisha ukapakwa rangi nyeupe ili kuziba matundu. Rangi ilikuwa ile iliyopatikana madukani. Mchoraji alitembea nyumba kwa nyumba na sokoni na kwenye mabaa, picha zake kwapani, naye aliweza kuchora jambo lilelile mara nyingi, kwa kuwa kila mteja alitaka lake mwenyewe.

Mambo yenyewe yalijulikana. Kulikuwa na Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu, nusu mtu nusu samaki, nyoka karibu naye na saa mkononi. Huyo alisemwa kuleta mali, na bei yake aliyelipa aijua mwenyewe. Kulikuwa na kijiji kando ya maji jua likizama. Kulikuwa na simba akipigana na nyati. Kulikuwa na picha ya Lumumba. Na kulikuwa na ile iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelala kifudifudi, askari anampiga kiboko, wanawake wamesimama na chakula, na mzungu ametazama mikono nyuma. Wateja walisema picha nzuri ni ile inayoleta ukumbusho. Neno hilo tulilitumia kila siku, wala hatukujua kwamba wataalamu wangeliandikia vitabu.

Na vitabu viliandikwa. Kati ya mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo 100, zikieleza historia yote ya nchi tangu wazee wa zamani hadi siku zile. Mazungumzo yao yalikuwa kwa Kiswahili cha kwetu, yakanaswa kwenye kanda, na Fabian akayachapisha pamoja na picha mwaka 1996. Tshibumba hakuonekana tena baada ya mwaka 1981. Picha zake zimehifadhiwa Amsterdam. Nayasema haya ili vijana wajue kwamba mtu aliyekuja kwetu siku ile, ingawa jina lake halimo vitabuni, alikuwa mmoja wa kundi kubwa, na kundi hilo liliandika historia kwa burashi wakati ambapo kuiandika kwa kalamu kulikuwa na hatari.

Agizo la Baba

Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa na umri wa miaka 15. Mchoraji alifika kwa baiskeli, akatandaza picha zake barazani moja baada ya nyingine. Bibi alitoka jikoni akajifuta mikono. Alipoifikia Colonie belge akaitazama kidogo, kisha akasema, "Hii mimi niliiona bure. Sitailipia."

Mchoraji hakukasirika. Aliuliza kama mna marehemu mnayemkumbuka. Hiyo ilikuwa sehemu ya pili ya kazi yao, na isiyoandikwa sana: kuchora sura ya mtu kwa kutazama picha ndogo ya kitambulisho. Baba akaingia ndani akarudi na kitabu cha kazi cha Babu, aliyefariki mwaka 1961. Picha iliyokuwamo haikuzidi ukubwa wa ncha mbili za vidole gumba, tena mhuri wa ofisi ulikuwa umefunika jicho la kushoto.

"Jicho hili lilikuwaje?" mchoraji aliuliza.

Baba hakujua la kusema. Alikuwa amemwona baba yake maisha yake yote, asiweze kueleza jicho lake. Bibi ndiye aliyejibu: "Lilikuwa dogo kuliko la kulia. Akicheka lilifumba kabisa."

Kisha likaja swali la mavazi. Babu alikuwa zamu, yaani mlinzi wa usiku, katika ghala la kampuni moja ya biashara, tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili hadi mwisho wa miaka ya 1950. Hakuwahi kuwa na suti. Baba alitaka achorwe na suti, na kalamu mfukoni. Bibi alitaka koti la zamu, lile zito lenye vifungo vya shaba, na pembeni yake mbwa. Baba alishangaa. Picha ya kuwekwa saluni, wageni wakae chini yake wanywe chai, halafu mbwa? Bibi akasema kwamba mbwa yule, jina lake Polisi, alikaa na Babu usiku mwingi kuliko yeye mke wake, na kwamba usiku wezi walipokuja na mapanga ni Polisi aliyewaona kwanza. Kama si yeye, Baba asingekuwa na mtu wa kumvika suti.

Walipatana hivi: suti na kalamu kwa ajili ya Baba, mbwa kwa ajili ya Bibi, na nyuma yao mchoraji ataweka bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba na ule mlima mweusi wa taka za madini, ili mtu yeyote ajue kwamba ni Lubumbashi. Baba akalipa nusu ya bei kuwa arbuni.

Baada ya majuma mawili picha ililetwa. Bibi aliitazama muda mrefu, akazungumza na mbwa kabla ya kuzungumza na mumewe. Kisha akasema, "Mguu wake mmoja ulikuwa mweupe." Mchoraji akafungua mkoba, akachovya burashi, akaupaka mguu wa mbele rangi nyeupe palepale barazani. Ndipo Baba akalipa nusu iliyobaki. Doa hilo jeupe mnaweza kuliona hata leo; limekaa juu ya rangi nyingine kidogo, kama kitu kilichowekwa baadaye, na ndivyo lilivyo.

Mwanamke wa Ixelles

Nilipofika Bruxelles nikaajiriwa baadaye katika ofisi ya komuni, nilikuwa nikitumia saa ya chakula cha mchana kutembelea makumbusho, hasa wakati wa baridi. Humo nilijifunza kwamba Bibi hakuwa peke yake katika kutaka mbwa achorwe.

Mji huu ulikuwa na mafundi wakubwa wa kuchora wanyama wa nyumbani. Joseph Stevens, mzaliwa wa hapahapa mwaka 1816, alichora mwaka 1848 picha ya mbwa wa mitaani wakitafuta chakula kwenye taka asubuhi. Imo katika makumbusho ya kifalme ya sanaa. Lakini aliyenigusa zaidi ni mwanamke, Henriëtte Ronner-Knip. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1821. Baba yake alikuwa mchoraji aliyepofuka, naye akamfundisha binti yake kazi tangu utotoni kwa ukali: kuchora tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na saa mbili za mchana kukaa ndani ya chumba chenye giza ili kupumzisha macho. Mwaka 1850 aliolewa akahamia Bruxelles. Mumewe, Feico Ronner, alikuwa mtu wa maradhi, kwa hiyo burashi ya mke ndiyo iliyolisha watoto sita. Alipokea maagizo ya wakubwa, hata Malkia Marie-Henriette alimwagiza achore mbwa wake wadogo. Baadaye aligeukia paka, akawa maarufu kwao. Aliwatengenezea sanduku kubwa lenye kioo upande mmoja, lenye mito, wakacheza humo naye akiwatazama. Mwaka 1887 alipewa nishani ya Léopold. Alifariki Ixelles mwaka 1909, katika komuni ileile ambayo leo ina mtaa wetu wa Matonge.

Kabla ya paka hao wa matajiri, mwaka 1860, alichora picha kubwa iitwayo Kifo cha Rafiki. Wakati huo mbwa wa Ubelgiji walikuwa wafanyakazi. Walivuta mikokoteni ya maziwa, ya mboga, na ya mchanga ambao watu walinyunyizia sakafu zao. Katika picha hiyo muuza mchanga mzee anamlilia mbwa wake aliyeanguka akafa kazini, mkokoteni ukiwa umesimama nyuma. Nilipoijua picha hiyo nilimkumbuka Bibi barazani. Baba aliona aibu ya mbwa kwa sababu alidhani picha ya heshima haina mnyama. Kumbe mjini kwa wale aliotaka kuwaiga, fundi aliyevishwa nishani alijipatia jina kwa kumchora maskini na mbwa wake.

Tena nilijifunza kwamba cheo hakikingi picha. Katika miaka ya 1630 mahakimu wa jiji hili walimwagiza Antoon van Dyck, mchoraji wa wafalme, awachore wote pamoja kwa ajili ya jumba la jiji. Mwezi Agosti 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga, jumba likaungua, na picha ikaungua nayo. Mimi niliyekuwa mtumishi wa jiji huwafikiria mara kwa mara wale mahakimu. Walilipa bei kubwa, wakamchagua fundi bora kuliko wote, na sura zao zimepotea. Babu wa mfuko wa unga bado yupo. Lakini yupo kwa bahati, wala si kwa uangalifu wangu, na hapa naingia katika sababu ya pili.

Kosa langu

Baba alifariki mwaka 1984, nami nikarithi nyumba. Nilikuwa kijana wa ofisi ya jimbo, nina shahada, nina marafiki wenye shahada. Siku moja mmoja wao aliketi chini ya picha akacheka: suti ya bandia, mbwa mwenye macho kama ya mtu, mfuko wa unga. Nami nikacheka pamoja naye. Juma lililofuata niliitoa, nikatundika badala yake picha ya milima yenye theluji niliyoikata kwenye kalenda. Bibi alikuwa bado hai. Alikuja Jumapili, akaketi mahali pake, akatazama ile theluji, akauliza, "Mwenye nyumba amekwenda wapi?"

Nilimwambia inasafishwa. Hakuuliza tena, wala mimi sikuirudisha. Alifariki mwaka 1987.

Mliokuwapo mnakumbuka yaliyofuata. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines ikaanza kuanguka. Mishahara ikawa karatasi tupu. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wakakaa vituoni wakingoja treni. Ukuta wa saluni uliowalisha wachoraji haukuwa na mwenye kuulipia tena, na wengi wakaacha kazi. Mimi niliondoka mwaka 1992. Katika usiku wa kufunga mizigo niliichukua picha, nikaing'oa kwenye fremu, nikaikunja kama mkeka, upande wa rangi ndani, nikidhani kwamba ndivyo inavyolindwa. Nikaiweka juu ya kabati la nyumba yetu ya hapa. Ilikaa hapo miaka 24.

Mwishoni mwa mwaka 2016, katika jumba lilelile la Palais des Beaux-Arts lililoonyesha kazi za Lubaki mwaka 1929, yalifanyika maonyesho ya picha za wachoraji wetu wa mitaani, yaliyoandaliwa na msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, na mtaalamu Bambi Ceuppens wa makumbusho ya Tervuren. Picha nyingi zilitoka katika mkusanyo wa mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, zipatazo 2,000, uliofika Tervuren mwaka 2013. Niliingia nikiwa na mjukuu wangu wa kike. Mbele yetu kulikuwa na Colonie belge, Mamba Muntu, kijiji na jua likizama, mifuko ya unga mitupu, na wazungu kwa Wakongo wamesimama kimya wakitazama. Mjukuu akauliza kama na sisi tulikuwa na picha kama hizi nyumbani. Nilikaa kimya muda wa kutosha hata akaacha kunitazama.

Jioni ile nilipanda kwenye kiti, nikaishusha, nikaikunjua juu ya meza. Nilisikia rangi ikivunjika. Mistari mitatu imepita katikati ya uso wa Babu, mmoja juu ya jicho la kushoto, lile lile ambalo mhuri ulikuwa umelifunika na Bibi akalirudisha. Fundi wa kutengeneza picha niliyemwendea alinieleza kwa upole kwamba picha ya rangi, kama hapana budi kukunjwa, hukunjwa rangi ikiwa nje, tena juu ya bomba nene. Tangu siku hiyo imelazwa bapa katikati ya karatasi laini, mbali na jua na mvuke. Kupasuka hakuendelei. Lakini mistari ile ni yangu, nami naiungama mbele ya ukoo kabla ya mtu kuiuliza.

Tutakaloamua

Mnunuzi mmoja amekwisha kuleta bei, na baadhi ya vijana wanasema tuuze, fedha zisaidie masomo. Wengine wanasema tuikabidhi makumbusho. Wengine wanataka izunguke, mwaka huu nyumba hii, mwaka ujao nyumba ile. Nimeombwa nitoe maoni, nami nayatoa kama mzee mmoja, si kama hakimu.

Nasema tusiuze. Picha hii haikuchorwa kwa ajili ya soko. Ni majibu ya Bibi kwa swali la mchoraji, na hakuna aliyetupa ruhusa ya kuyauza. Kuizungusha nako ni kuivunja polepole. Naona afadhali tuikabidhi makumbusho kwa maandishi ya amana, si ya zawadi, ikae mahali penye ubaridi na giza linalofaa, ikiwa na maelezo yanayotaja kazi ya Babu kuwa zamu, pamoja na jina la mbwa. Na kila nyumba ipate nakala yake ya kupiga chapa, iwekwe saluni, mahali pa kuonekana na wageni.

Lakini nina ombi lililo kubwa kuliko hilo. Bibi, aliyelikumbuka jicho na mguu mweupe, hana picha hata moja, si ya kitambulisho wala ya harusi. Sura yake iko katika vichwa vya watu watatu tu waliobaki: Shangazi wa Liège, binamu yangu wa Kalemie, na mimi. Shangazi amepita miaka 80. Bruxelles ina wachoraji wanaopokea maagizo, Wakongo wakiwamo. Naomba mkutano umwagize mmoja wao. Tutaketi naye wote watatu, binamu kwa simu, naye atatuuliza pua ilikuwaje na kilemba alikifungaje, nasi tutabishana mpaka tupatane, kama Baba na Bibi walivyopatana.

Arbuni nimekwisha kuitenga katika pensheni yangu. Nusu iliyobaki nawaachia ninyi, mlipe siku Shangazi atakapoitazama na kusema kilichosahauliwa, na mchoraji akachovya burashi akakiongeza mbele yake.

Ni mimi ndugu yenu, mtumishi mstaafu, Bruxelles.